Mzee Aliyepima Vijiti kwa Mizani ya Dhahabu

Habari ya kifo chake ilinikuta stendi ya Kahama, nikiwa bado sijaamua ninakwenda wapi. Asubuhi nilikuwa nimetoka Kolandoto na mkoba mmoja, nikapanda gari la kwanza lililokuwa na nafasi, kama nilivyozoea tangu nilipoacha shule darasa la sita. Aliyenipigia simu alikuwa mnunuzi mdogo wa dhahabu wa Segese. "Yule mzee wako wa mishale amefariki," alisema. "Alijilaza mchana baada ya chakula, hakuamka. Tunazika kesho." Nikakata tiketi ya Segese.

Mzee huyo alikuwa mchonga mishale, mmoja wa wachache waliobaki huku kwetu. Wateja wake walikuwa sungusungu wa vijiji vya jirani, walinzi wa jadi ambao mpaka leo wana siku zao za kulenga shabaha. Nilimwona mara ya kwanza kwenye kibanda cha mnunuzi huyohuyo, amepanga foleni na wachimbaji. Wenzake walishika vikaratasi vyenye punje za dhahabu. Yeye alishika tita la vijiti vya mkole, vimemenywa maganda, vimenyooshwa kwa moto. Zamu yake ilipofika akalaza kijiti juu ya mizani.

"Babu, hiyo ni karati ngapi?" mchimbaji mmoja akamtania.

"Sijui, mjukuu wangu. Ila hii haiyeyuki. Ya kwako ikifika baa inayeyuka."

Foleni ikacheka. Mnunuzi akasoma uzito bila kutabasamu, na mzee akatia alama ya mkaa kwenye kijiti. Mimi siwezi kupita kitu kama hicho bila kuuliza. Akanieleza kwamba mshale mzito huanguka mapema na mwepesi hupitiliza, kwa hiyo ukiichanganya kwenye podo moja, ule mfuko wa mishale, mkono unakosa wa kuuamini. Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa na maswali mengine, nikakaa wiki tatu.

Katika wiki ya pili alikuja mlengaji mmoja wa kijiji cha jirani, mtu wa miaka hamsini hivi, aliyekuwa akisimama wa kwanza kwenye safu ya wenzake kwa miaka mingi. Alisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaketi. Akasema wenzake wamempa mpaka Jumapili. Akikosa shabaha tena mbele ya watu, nafasi yake anapewa mwingine, kwa kuwa macho yake yamezeeka.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" mzee akamuuliza.

"Nami naona yamezeeka."

"Mshale unakwenda wapi?"

"Kushoto. Kila nikipiga, kushoto."

"Macho yakizeeka hayachagui upande. Lete upinde."

Upinde ulikuwa mpya. Bega lake lilikuwa limeumia kwenye shimo la dhahabu, akachongewa upinde laini anaoweza kuuvuta, lakini mishale ilikuwa ileile ya zamani. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijaacha kulishangaa. Mshale hautoki umenyooka. Ukiachiwa, hujipinda kidogo ukiuzunguka mwili wa upinde, kisha hunyooka ukiwa hewani. Upinde wenye nguvu unataka kijiti kigumu. Upinde laini hauwezi kukipinda kijiti kigumu, basi kinapigwa pembeni, na lawama anabeba mlengaji.

Mzee akanituma nichague vijiti vitatu laini kwenye tita lililokauka. Nilikwenda mbio kibandani kwa mnunuzi, nikapima, nikarudi na vitatu vya uzito mmoja bila tofauti hata ya pointi, nikijiona fundi. Mzee akavitia chembe za chuma nchani na manyoya nyuma. Mlengaji akapiga kwenye gunia la pumba. Wa kwanza ukakaa katikati, wa pili ukakaa ubavuni mwake. Wa tatu ukaenda kushoto, ukaikosa hata kona ya gunia. Aliushusha upinde taratibu. "Si nilisema?" akanong'ona, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kusaini kwamba ameshindwa.

Mzee akanigeukia mimi. "Huyu bwana ananunua ng'ombe wa maziwa kwa kupima pembe." Akaweka matofali mawili, akalaza mishale juu yake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akautundikia kufuli katikati. Miwili ilibonyea kiasi cha vidole viwili. Wa tatu ulibonyea kidogo mno, ukaonekana kama umekataa. "Uzito ni uleule," alisema, "lakini kila kijiti kina ukaidi wake. Mizani hailijui hilo." Akatafuta mwingine unaobonyea kama wale wawili.

Jumapili mlengaji alipiga mitatu. Mmoja ulipita juu ya kibuyu cha shabaha, miwili ikakipasua. Haikuwa maajabu, lakini hakuna ulioelekea kushoto, na hakuna aliyezungumzia macho tena.

Ukanda huu wetu una mizani kila kona. Mchimbaji anapimwa kwa alichotoa leo, mtoto kwa alama alizopata, na atakayepungua anaambiwa ameharibika, hata kama ni upinde uliobadilika. Mimi nimefukuzwa ghalani, nimefukuzwa gereji, na kila mara niliondoka nikiamini waliyosema.

Mazishini nilimkuta mlengaji akishika koleo kwa mkono ule mzima. Bado anasimama wa kwanza kwenye safu. Tulipokaa kupumzika aliniambia, "Unajua kinachonitisha? Si kwamba wangenitoa. Ni kwamba ningekubali. Ningekwenda nyumbani kukaa kama mzee kipofu, na macho ninayo."

Kesho yake niliondoka bila kujua niendako, jioni nikafika Geita. Hapa Kalangalala nimepata chumba kwa mama mmoja anayeuza mkaa. Kina kitanda, meza na dirisha linalofunguka nusu, na ndimo ninamoandikia haya. Mzee ameondoka, na sijui nani atawachagulia walengaji mishale. Nilichobaki nacho ni kidogo: mtu akikuambia umeisha, usikubali kabla hujamuuliza mshale unakwenda upande gani.