Mwalimu Mkuu na Kopo la Korosho

Wazo la korosho lilikuwa langu. Nalisema mapema ili msije mkalisikia kwa jirani yangu, ambaye akisimulia huongeza chumvi na mikono. Mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya nyumba yetu alikuwa anatafuta kitu cha kufundishia hesabu. Mimi, niliyezaliwa Mtwara na kula korosho tangu sijaota magego, nikamwambia awaagize watoto waje nazo kutoka nyumbani. Tena nikampa na kopo la kupimia. Na msimu ulikuwa umepamba moto. Mtu wa huku akisikia hayo anashika kichwa bila kuelezwa. Wengine nitawaeleza, ila taratibu, maana bado inaniuma.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu, ukingoni mwa mji, pale nyumba zinapoanza kupisha mikorosho. Nilimaliza kidato cha nne nikaona nimekwenda mbali vya kutosha. Mwenye shamba ni mke wangu. Yeye ndiye anayepanda bajaji na kujua nani kafa na nani kaoa. Mimi nikienda Magomeni, hapa hapa mjini, kununua uzi tu, narudi nimechoka kama mtu aliyetoka kuvuka Ruvuma kwa kuogelea.

Kwa hiyo shule naijua kwa masikio. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakiimba tebo nyuma ya ukuta wangu. Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, mpaka mabati yanatetema. Tebo zikianza, najua ni saa ya chai. Kitinda mimba wangu, binti wa darasa la tatu, alikuwa humo humo kwenye kwaya, na mimi nilikuwa nawaambia wateja, "Msikieni huyo anayevuta mwishoni, ndiye wangu." Wateja walikuwa wanaitikia kwa adabu. Nguo zao bado zilikuwa mikononi mwangu.

Ndipo akaja mwalimu mkuu mpya. Mama mrefu kutoka Nyanda za Juu, mtu wa kanisani, aliyekuja na sweta ambalo joto letu lilimfundisha kulisahau. Kabla hata hajajua choo cha walimu kiko wapi, akasimamisha tebo. Madawati akayageuza, watoto wakae kwa makundi wakitazamana. Fimbo akazikusanya ofisini akazifanya miti ya kutambalia maharage kwenye bustani ya shule. Wiki ya kwanza nilikunywa chai mchana.

Siku moja akaja barazani na vitambaa, anataka mapazia ya darasa la kwanza. Nikiwa napima, akaniambia bila kuzunguka, "Fundi, binti yako hajui kuhesabu."

"Mwalimu, huyo anaimba mpaka tebo ya kumi na mbili."

"Anaimba, ndiyo. Nimemwambia atoe mawe manane kwenye kumi na matano, akanitazama. Halafu akaanza kuimba."

Nilikasirika. Alipoondoka nikamwita mtoto, nikamwaga vifungo mezani, nikamjaribu mwenyewe. Mwalimu alisema kweli. Binti yangu alikuwa anafuata midomo ya wenzake. Ile sauti niliyokuwa najivunia, mpaka leo sijui ilikuwa ya mtoto wa nani.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa mwalimu mkuu. Sikutaka mageuzi ya elimu, sikutaka lolote kubwa. Nilitaka mtoto wangu ajue kuhesabu kabla hajafika madarasa ya juu, ambako hakuna anayerudi nyuma kumchukua aliyeachwa. Na ilikuwa inawezekana, niliona kwa macho. Hazikupita wiki nyingi akasimama nyuma ya cherehani yangu akatazama kitambaa nilichokuwa nakata, akasema, "Baba, hiki kinatoa mifuko minne. Wewe umemwambia mteja mitano." Nikamwambia aende akacheze. Kilitoa minne.

Mtaa ulikuwa na mawazo mengine. Kiongozi wa mawazo mengine alikuwa jirani yangu, bibi aliyevushwa Ruvuma mgongoni mwa mama yake akitokea Msumbiji, na ambaye tangu hapo, nadhani, hajawahi kunyamaza. Ana mjukuu darasa moja na binti yangu. Kila asubuhi alikuwa anasimama kwenye ngazi yangu na beseni lake la mihogo kunipa taarifa za shule ninayoisikia mwenyewe.

"Njomba, wanakaa wanatazamana kama wanakula ubwabwa harusini."

"Wanajadiliana, bibi."

"Ntoto wa darasa la tatu ana nini cha kujadili? Na mwalimu anachuchumaa nao chini. Mwalimu gani anachuchumaa?"

Halafu kulikuwa na suala la madaftari. Wazazi wetu hupima elimu kwa wino mwekundu. Mtoto akirudi, daftari linafunguliwa, vema zinaangaliwa, wala hakuna anayeuliza vema hizo ni za nini. Sasa watoto wakawa wanapima vivuli, wanapanga visoda, wanagawana vijiti, na daftari linarudi jeupe. Bibi alinionyesha la mjukuu wake, kurasa zinapepea. "Tunalipeleka toto shule linarudi na karatasi safi. Si tungeliacha nyumbani?"

Kilichokuwa kinanichoma ni kwamba watu hawa hawa, mwezi wa likizo ukifika, wanawapeleka watoto jandoni na unyagoni, ambako hakuna ubao wala daftari, kila kitu kinafundishwa kwa nyimbo na kwa kutenda, na mtoto anatoka huko hasahau kitu mpaka anazeeka. Nilimwambia bibi hivyo. Niliona nimempata.

"Kule wanafundishwa utu uzima," akasema. "Shuleni wanafundishwa kuandika. Usichanganye mambo kwa sababu unashinda umekaa."

Visoda vikaisha, maana watoto walivigeuza vya mchezo. Mawe yakapigwa marufuku baada ya mtoto mmoja kurudi nyumbani na nundu. Mwalimu mkuu akaja barazani kwangu amechoka, akauliza ni kitu gani hapa kila nyumba inacho, hakigharimu, mtoto anaweza kushika. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

Sasa nieleze. Msimu ukifika, korosho zetu huenda kwenye ghala la chama cha ushirika, zinapimwa kwa mizani, zinasubiri mnada. Lakini kuna watu hupita kwa siri kabla ya hapo, wanawanunulia wakulima wenye shida, bei ya kutupa, wakipima kwa kopo au bakuli badala ya mizani. Hiyo inaitwa kangomba. Imekatazwa, inachukiwa, na karibu kila ukoo una mtu aliyelizwa nayo. Hapa mtoto mdogo ukimwonyesha mtu mgeni na kopo na gunia la korosho, anajua anachokitazama. Mwalimu mkuu alikuwa hajui, na asingeweza kujua. Mimi nilikuwa najua, lakini nilikuwa najua kama mtu anavyojua habari za redioni, kwa sababu maishani sijawahi kubeba hata debe moja la korosho kwenda popote. Nikachukua kopo langu la maziwa ya unga nililokuwa nawekea vifungo, nikalipangusa, nikampa. Akashukuru mpaka nikaona aibu.

Kila mtoto aliambiwa alete korosho chache, zikawa nusu gunia. Watoto hawakuomba ruhusa, walichota kwenye magunia ya baba zao yaliyokuwa yanangoja kwenda ghalani. Asubuhi moja bibi akapita nyuma ya shule na mihogo yake. Akamwona mwalimu mkuu amechuchumaa mbele ya gunia na kopo mkononi, watoto wamepanga foleni kila mmoja na korosho zake, na mtoto mmoja anaita kwa sauti idadi ya makopo. Bibi hakununua wala kuuza tena siku hiyo. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mwalimu mkuu anapiga kangomba kwa kutumia watoto.

Mkutano wa wazazi uliitishwa, na afisa elimu wa kata akaja. Nilikwenda. Mke wangu alitaka kunisindikiza mpaka mlangoni mwa shule, ati nisije nikapotea.

Afisa akauliza, "Mwalimu, ni kweli unapima korosho kwa kopo?"

"Kweli kabisa," akajibu, uso unang'aa, akidhani hatimaye kuna mtu amevutiwa na somo. "Tumepima wiki nzima. Wiki ijayo tunatafuta mizani, tulinganishe."

Chumba kikaguna. Baba mmoja akasimama. "Na unampelekea nani?"

"Kumpelekea nani nini?"

Nikaona hapa lazima niinuke. Nikainuka. "Jamani, kopo ni langu," nikasema. "Na wazo la korosho ni langu. Mwalimu hajui lolote."

Nilitegemea watu watapumua. Badala yake sauti ikatoka nyuma, "Tulijua hawezi kuwa peke yake." Na nyingine, ya mtu ambaye suruali yake niliipunguza mwezi uliopita, "Ndiyo maana hatoki nyumbani. Kumbe yeye ndiye ghala."

Wakacheka. Hata afisa aliinamisha uso. Wakaniuliza mwalimu alikuja kwangu mara ngapi, nikajibu kwa ukweli kwamba alikuja mara nyingi, kwa ajili ya mapazia. Kila nilichosema kilikuwa kama kuongeza kuni.

Nikaomba jambo moja. Nikasema mtoto wangu yuko dirishani pale na wenzake, aingie, apewe hesabu, mwone. Afisa akakubali. Bibi ndiye aliyetoa swali, amekunja mikono. "Aseme saba mara sita."

Binti yangu hakuimba. Akachuchumaa mbele ya watu wazima wote hao, akavuta korosho kutoka kwenye gunia lililowekwa mbele kama ushahidi, akaanza kupanga mafungu ya saba saba sakafuni. Fungu la kwanza, la pili. Alikuwa hatazami mdomo wa mtu. Mimi nimesimama nimesahau kukaa. Alipofika fungu la nne, baba aliyekuwa mstari wa mbele akainama, akaokota korosho moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii ya kwangu," akasema. "Korosho zangu nazijua, hizi kubwa kubwa."

"Na hizo pembeni za kwetu," akasema mama mmoja, na yeye akainuka.

Basi, wakaja. Kila mtu alikuwa anazijua korosho zake kwa sura. Mafungu yakachotwa, gunia likaburutwa, wawili wakaanza kubishana juu ya konzi moja. Binti yangu alibaki amefunika fungu la mwisho kwa viganja vyote viwili, akinitazama mimi.

"Baba, nilikuwa sijamaliza."

Hakuna aliyetaka tena jibu la saba mara sita. Afisa akapiga meza, akasema hakuona kosa la jinai, ila kwa ajili ya utulivu korosho zirudi zilikotoka na ufundishaji urudi kwenye utaratibu uliozoeleka, mpaka hapo wazazi watakapoelimishwa. Nani atawaelimisha, na lini, hakusema. Watu wakapiga makofi wakiwa na korosho mifukoni.

Mwalimu mkuu alitoka na mimi. Tulipofika kwenye maharage yake akaniuliza, "Fundi, hivi kangomba ni nini hasa?"

Nikamweleza yote, kopo na bakuli na bei za kutupa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nina akili."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema mapazia atamtuma mtu kuyachukua, akarudi ofisini.

Jumatatu tebo zikaanza. Saba mara moja saba. Nikanywa chai kwa wakati, ikawa chungu ingawa ilikuwa na sukari. Binti yangu alirudi na daftari limejaa vema, mtaa mzima ulirudi na madaftari yamejaa vema, na wazazi wakapongezana. Nikamuuliza leo mmefanya nini. "Tumeimba," akasema. Nikamuuliza ameimba nini. Akafungua daftari, akanionyesha vema.

Jumamosi nikaamua nitamfundisha mwenyewe. Kuna ugumu gani? Nilikuwa nimesikiliza, nilikuwa nimeelewa, nilikuwa mtetezi pekee wa njia mpya katika kata nzima. Korosho mke wangu alizifungia, kwa hiyo nikamwaga choroko kwenye meza ya kukatia, nikamkalisha, nikaongea kwa upole kama mwalimu mkuu. Nilitamani hata kuchuchumaa, magoti yakakataa.

"Haya mama. Saba mara sita."

Akagusa choroko. Akapanga fungu moja, akasita, akaanza kuimba kwa sauti ya chini.

"Usiimbe. Hesabu."

Akanyamaza. Akapanga tena, zikawa nane. Nikazirudisha. Akapanga, zikawa sita. Choroko ni ndogo, zinabiringika, na wateja walikuwa wananingoja.

"Hesabu kwa sauti nikusikie. Moja, haya, sema. Sema!"

Akawa ananitazama midomo. Mkono wangu, sijui ulikwenda lini, ulikuwa umeshika rula ya mbao ya kupimia kitambaa na ulikuwa unagonga meza, na choroko zinaruka, na mimi naimba, ndiyo, mimi, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, na mtoto ananifuata nyuma machozi yakimlengalenga.

Nilipoinua macho, bibi alikuwa kwenye ngazi na kanga yake ya kupinda. Sijui alisimama hapo tangu lini. Akaweka kanga juu ya cherehani, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema:

"Njomba, umentisha ntoto. Si ungemwachia yule mwalimu wetu wa korosho, yule angalau alikuwa hapigi makelele."