Barua ya Sifa ya Janice Sugden

Janice Sugden hakuwa mtu wa kusifu kwa mdomo. Umpangie rafu nzima ya vikombe mpaka ing'ae, atakwambia, "Haya, si mbaya," halafu aende zake kuchemsha maji ya chai. Sifa zake alizitia kwenye karatasi. Kila aliyewahi kujitolea katika duka lake la mitumba hapa Halifax, hata wale waliovunja vingi kuliko walivyouza, aliondoka na barua iliyopigwa chapa, yenye sahihi yake na muhuri wa hospisi. Chanzo chake tulikijua. Aliingia kiwanda cha mazulia akiwa na miaka kumi na sita, na siku kilipofungwa alitoka na mamia ya wenzake bila hata kikaratasi cha kusema huyu alikuwepo. Akaapa kwamba mtu wake hatatoka hivyo.

Duka lenyewe huuza nguo, vyombo na vitabu vilivyotolewa na watu, na mapato huenda hospisi, kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Wenye mshahara ni wawili tu, Janice na naibu wake, Dean. Waliobaki ni wa kujitolea, wengi wao wajane na wastaafu, wanaokuja wakipenda, na wakinuniana hawaonekani wiki nzima.

Sarmila Gurung alikuja Oktoba, msichana wa Nepali aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea afya ya jamii. Jumamosi na Jumapili alifanya kazi ya mshahara katika nyumba ya wazee, jumla saa kumi na sita. Viza yake ilimruhusu saa ishirini za kazi kwa wiki, isizidi hata dakika. Kujitolea ni ruksa, hakuhesabiwi. Kwa hiyo Jumanne alikuja dukani kutundika nguo kwenye hanga, na akichoka anaondoka. Janice alimpenda tangu siku alipomsikia akimnyima Doreen, mkongwe wa duka, kijiko cha tatu cha sukari.

"Daktari kasema kimoja, bibi."

"Kwani daktari yupo hapa?"

"Nipo mimi."

Januari Dean akateleza kwenye barafu, mguu ukavunjika. Makao makuu ya hospisi hayakuleta mtu wa kushika nafasi yake. Hapo ndipo Janice alipofanya kosa ambalo meneja yeyote wa mitumba katika mji huu angelifanya, maana kwetu sisi kazi ni ile inayolipwa, na isiyolipwa ni wema, mambo kwisha. Akampa Sarmila funguo. Akamwandika kwenye ratiba ya zamu mahali pa Dean, Jumanne na Alhamisi, siku ambayo Janice mwenyewe huwa hayupo dukani, jumla saa nane kwa wiki. Kuna siku msichana aliomba asije kwa sababu ya mtihani. Janice akamwambia, "Usipokuja duka halifunguliwi, mwanangu." Akaja, akawa anasoma chini ya kaunta.

Machi chuo kikatangaza tuzo ya wanafunzi wanaojitolea. Sarmila, huku akiona haya, akaomba barua. Jamani, Janice aliandika! Kurasa mbili. Kwamba tangu Januari Sarmila ndiye naibu meneja. Kwamba ameziba pengo la mwajiriwa mgonjwa, saa nane kila wiki, na hajakosa zamu hata moja. Kwamba asingekuwa yeye, kila Alhamisi mlango ungekuwa na kufuli. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Baada ya wiki simu ikalia. Alikuwa Imtiaz Dar, mshauri wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni, mzaliwa wa hapahapa Halifax, akimwomba Janice afike ofisini. Alipoingia alimkuta Sarmila ameketi na koti lake mwilini, macho mekundu.

"Bi Sugden, hii barua ni yako?"

"Yangu. Kwani nimekosea nini?"

"Anayejitolea huja akitaka," Imtiaz akasema. "Habanwi na zamu, wala hashiki nafasi ya mtu wa mshahara. Akishafanya hivyo, kisheria hiyo ni kazi."

"Kazi gani? Sijamlipa hata peni moja!"

"Hata usipomlipa. Ana saa kumi na sita kwa wazee, na wewe unasema nane."

Janice akajumlisha: ishirini na nne.

"Barua hii ikiwa kweli," Imtiaz akaendelea, "chuo hakina budi kutoa taarifa uhamiaji, na viza yake itafutwa. Miezi mitatu kabla ya shahada, atarudi kwao mikono mitupu. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, na utakachosema nitakiandika. Ni kweli?"

Huyu ni mwanamke aliyewahi kupanda mabasi mawili kwenda kurudisha pete iliyosahauliwa mfukoni mwa koti la msaada. Hakumtazama Sarmila.

"Si kweli. Nilitia chumvi."

"Chumvi kiasi gani?"

"Yote hiyo. Naibu wapi! Anatundika nguo tu. Akija kaja, asipokuja wala hatutambui kwamba hayupo. Duka nalifungua mimi. Mtoto mwenyewe hata mashine ya malipo haijui, mteja akimsemesha anatetemeka."

"Sasa kwa nini uliandika?"

"Huruma. Yuko peke yake huku. Nikasema acha naye apate kitu."

Imtiaz hakuwa mjinga. Hata hivyo akaandika yote, neno kwa neno. "Basi barua imefutwa, na tuzo ndiyo imekwenda. Viza haina tatizo. Na wewe Sarmila, kuanzia leo, ukienda kule uende ukipenda tu."

Walisimama kituo cha basi, mvua inanyesha.

"Mteja akimsemesha anatetemeka," Sarmila akasema.

"Ilibidi, mwanangu."

"Najua ilibidi, Bi Janice. Ila ulisema haraka. Hukusita hata kidogo."

"Ningesita angejua nadanganya."

Sarmila akaitikia kwa kichwa, akasema asante, ile asante ya adabu anayopewa mtu aliyekushikia mlango. Basi lake likaja, akapanda.

Jumanne ile hakuja, wala iliyofuata. Janice alishika simu mara mbili ampigie, mara mbili akaiweka chini, kwa kuwa kumpigia aje kungekuwa kumwita zamu. Alhamisi duka lilibaki limefungwa mpaka Dean alipopona.

Julai Doreen alileta habari kutoka kwa jirani yake anayefanya kazi nyumba ya wazee: yule msichana amefaulu, shahada kapata, na nzuri. Janice alifurahi mpaka ikabidi akae kwenye gunia la nguo.

"Sasa mbona hata haji kutuona?" Doreen akauliza.

"Anakuja akipenda. Ndiyo sheria."

"Na hapendi?"

"Hapendi," akasema Janice.