Nilikataa Msaada Mpaka Niamkiwe

Nimekosa, ndugu zangu, nimekosa vibaya! Na aliyenichochea namtaja: ni Paskali wa hapa Masakta.

Shule niliishia la saba, lakini simu yangu naijua. Nina mashine ya kupukuchua mahindi, Paskali naye anayo yake. Nikajifunza kutengeneza programu ndogo ya kuwatumia wateja ujumbe: wewe zamu yako leo, wewe kesho.

Asubuhi moja ikawaita wote kwa pamoja! Punda na magunia uwanja mzima, watu wanatukanana, na wingu la mvua limeshakaa juu ya mlima.

Nikakimbilia grupu la waandika programu. "Hamjambo wote? Mmeamkaje? Nyumbani salama?" Nikasubiri waitikie. Halafu mmoja anayejiita Jiwe, picha yake Mlima Hanang, akaandika: "Sema shida. Bandika programu yenyewe, siyo picha yake."

Hata salamu hakuna! Paskali yuko pembeni yangu, anachungulia. "Kaka, hako katoto kanakudharau. Kaambie!"

Nikakaambia. "Wewe mtoto, kwenu hukufundishwa? Sipokei msaada bila shikamoo. Amkia!"

Wengine wakasema nisome kanuni za grupu. Nikajibu nitasoma wakishaniamkia.

Jiwe akaandika, "Shikamoo mzee. Sasa bandika."

Paskali akacheka. Nami kichwa kikavimba: "Sijasikia. Rudia!"

Wakanitoa. Programu ikabaki mbovu, wateja wakabeba magunia yao. Wakaenda wapi? Kwa Paskali!

Jumapili tukaenda Katesh kwa wakwe. Mama mkwe, mwalimu mstaafu, akafungua mlango. Nikainama. "Shikamoo mama."

Akaniangalia. "Sijasikia. Rudia."

Jamani! Jiwe ni yeye! Na alinijua tangu mwanzo, maana jina langu nililiweka mwenyewe kwenye grupu. Nilirudia mpaka mke wangu akauliza kama ninaumwa.

Programu alinitengenezea palepale, chai haijapoa. Sasa inaita mmoja mmoja, vizuri kabisa. Ila wa kumwita hayupo!

Nyie mnaoingia magrupu hayo, someni kanuni, semeni shida, mshukuru. Umri wa mtu hauonekani kwenye picha ya mlima. Na mtu akikuchochea udai heshima, angalia kwanza kama naye ana mashine.