Kawa la Kurusha

Ilianza Jumamosi, saa kumi na robo alasiri, ghorofani kwetu Mji Mkongwe, shujaa wangu akiwa hana hata kijiti mkononi.

Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mtoto wa ami yangu, kaka aliyenizidi miaka miwili, ndiye msimulizi. Mimi na mdogo wangu wa kike tunakuwa mashujaa, na dadu ndiyo inayoamua nani atapona. Siku hiyo tulikuwa tumefika kwenye pango la Mangapwani, na ndani linatungoja jini la vichwa vitatu. Mdogo wangu ana upanga wa moto. Upinde wangu mimi ulishaliwa na mamba, maana kaka aliniuliza nafanya nini, nikanong'ona, hakunisikia, mamba akala.

"Chagua silaha ya kurusha," kaka akasema. "Lakini mpya. Mikuki nshachoka nayo."

Mezani palikuwa na kawa la bibi, la ukili wa rangi, lililosukwa Makunduchi. Hulitumia kufunikia chakula wakija wageni tu.

"Kawa," nikasema.

Mdogo wangu akacheka mpaka akalala chini. "Dada anataka kumfunika jini kama biriani!"

Sikujali, nikaeleza. Linaruka likizunguka. Adui likimwangukia anabaki chini yake, kimya, hatoki mpaka mwenye chakula aseme karibuni. Kwetu hakuna anayethubutu kufunua kawa kabla ya hapo. Jini ni nani hata athubutu yeye?

"Na linarudi vipi?" kaka akauliza.

"Linapigiwa hodi. Mara tatu."

"Sawa. Kwa sauti kamili, na mwenyewe tu, si mtu mwengine." Hapo aliniweza. Mimi hata dukani humtuma mdogo wangu. "Lakini bado sijalikubali. Hilo halifiki popote, litakuangukia miguuni."

Niliudhika. Nikalishika ukingoni, nikalirusha. Wallahi liliruka! Likapita juu ya kiti, likatoka dirishani, likavuka uchochoro kama limealikwa, likatua uani kwa jirani.

Tukakimbilia dirishani. Jirani huyo ni mwalimu mstaafu. Alimfundisha mama, na mama mpaka leo akimwona huuweka mtandio sawa.

"Kaka, nenda wewe."

"Mwenyewe tu," akajibu, anatabasamu.

"Nakupa zamu zangu zote za dadu."

"Hata ukinipa shujaa mzima."

Bibi akapaza sauti kutoka jikoni: "Nyie! Kesho asubuhi mniletee kawa langu nilifute, wageni wa Fumba wanakuja mchana!"

"Naam, bibi," tukaitika. Ya kwangu haikufika jikoni.

Asubuhi yake nilishuka nikasimama mbele ya mlango wa jirani. Hodi ya kwanza niliisikia mwenyewe. Ya pili ilimwamsha paka. Juu dirishani kaka akasema, "Jini linacheka huko!" Nikaudhika tena, na hodi ya tatu ikatoka kubwa, muuza mikate akageuka na baiskeli yake.

"Karibu! Nani anayenivunjia mlango?"

"Shikamoo, Bi. Nimefuata kawa."

"Marahaba. Makawa siku hizi yana mbawa?"

Nikamweleza. Pango, mamba, vichwa vitatu, vyote, sijui maneno yalikuwa wapi siku zote. Alinisikiliza amekunja uso kama anasahihisha mtihani.

"Na jini likiwa kiziwi," akauliza, "hiyo karibuni litaisikia vipi?"

Hakungoja jibu. Akaguna, akaingia ndani. Alirudi na kawa limefunika sahani, kwani chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Harufu ya iliki ikanijulisha ni vitumbua.

Nilipanda ngazi taratibu. Kaka na mdogo wangu walikuwa wananisubiri juu, mikono tayari.

"Funua basi, dada!"

Nikakaa kwenye ngazi, nikaiweka sahani mapajani, kawa nikalishikilia kwa mikono miwili.

"Kaka, silaha imekubaliwa au haijakubaliwa?"

"Vitapoa hivyo!"

"Nnauliza."

"Imekubaliwa! Wallahi imekubaliwa!"

Nikavuta pumzi, nikasema karibuni, mpaka bibi akaitikia kutoka jikoni.