Farasi Aliyeogopa Leso

Mtunza farasi wa hapa kwetu Mkomani huenda ufuoni kila asubuhi amejifunga leso ya mkewe kiunoni. Nasi twamcheka, wallahi. Eddah, muuza leso, humuuliza, "Na ya kichwani umeiacha wapi, bwana?" Naye hujibu bila kutabasamu, "Anayo mwenyewe nyumbani." Farasi wake ni jike, ana mwili kama kabati, lakini huogopa nguo inayopepea. Juzi juzi alimwangusha mteja aliyempanda mbele ya kibanda cha Eddah, na tajiri mwenye farasi akaapa kuwa akiangusha mwingine, atauzwa. Ndipo leso ikaanza: kwanza ilikaa kwapani imekunjwa, kisha mkononi, sasa yapepea kiunoni na farasi aifuata akiinusa. Farasi akigoma, naye husimama, ile mikono yake mipana imelegea kama ya mtu anayesubiri chai. Akikoroma, humjibu, "Naam, mama." Mkewe sijasikia akijibiwa hivyo.

Jumapili tajiri alikuja kujionea. Mteja yuko juu ya tandiko, upepo ukachomoa leso kwenye kamba ya Eddah, ikamfunika farasi uso. Farasi akatetemeka hadi mkiani. Mtunzaji hakuvuta hatamu. Alimwekea kiganja shingoni. "Naam, mama. Nipo." Farasi akashusha kichwa, akatulia.

"Basi, abaki," tajiri akasema.

Bwana wetu hata hakugeuka kushukuru. Alikuwa amemwegemea farasi begani, akimnong'oneza, "Umesikia? Umesikia, mama?"