Kinanda Nilichojifunzia Kwenye Simu

Nilijifunza kupiga kinanda kwenye simu, na sitaki mtu anibishie. Ni ule mchezo wa vigae vyeusi vinavyoshuka kwenye kioo: ukivigusa kwa wakati, wimbo unaendelea, ukikosa kimoja, umekwisha. Niliucheza mashineni Ifakara nikisubiri mpunga wangu ukobolewe, na wanawake wenzangu wakanicheka kwamba nazeeka na utoto wangu.

Mpiga kinanda wa kwaya yetu alipohama, mwalimu wa kwaya alitaka kuazima mtu wa mjini kwa ajili ya misa ya shukrani ya mavuno. Mimi nilikuwa sauti ya pili, na kinanda kile nilikitamani tangu usichana wangu. Nikajitolea.

"Umejifunzia wapi, dada?"

"Kwenye simu."

Akatazama dari kwanza. "Haya. Utapiga siku ya mavuno. Ukiharibu, unarudi sauti ya pili na kinanda hukigusi tena."

Nilipokikalia, nikaona simu imenidanganya. Nilizoea vidole gumba viwili tu, na hapa hakuna kigae kilichoshuka. Nilikaa nikitazama vitufe kama mtu anayesubiri basi. Ilibidi niitafute do mwenyewe, halafu re, halafu mi, na hizo nilipewa na miaka ya kuimba, si mchezo. Nililia kwa hasira. Kisha nikawa narudi kila jioni, hadi mkono wa kushoto ukakubali kwenda na wa kulia.

Kwetu, wimbo wa matoleo haukomi mpaka sinia la mwisho la mchele lifike altareni. Akina mama wanakuja wakicheza, hawana haraka, lakini ngoma inazidi kuongeza mwendo na kayamba zinaifuata. Mpiga kinanda wetu wa zamani akifika hapo alitoa mikono, akajifuta jasho, akawaachia wapiga ngoma. Ndivyo tulivyozoea. Kwa hiyo ngoma ilipokolea, mwalimu akanipa ishara niache.

Sikuacha. Mwendo ule niliujua. Mchezo wa simu ndiyo tabia yake: ukiuweza, unakukimbiza zaidi, na vidole vyangu vilishazoea kukimbizwa. Nilikosea mahali, nikapita bila kugeuka nyuma, maana kanisani wimbo haufi kwa kosa moja. Mpiga ngoma akanitazama, akaongeza mwendo makusudi. Nikaenda naye. Akaongeza tena, nikaenda naye tena, na akina mama waliokwisha kukabidhi mchele wakarudi katikati kucheza na masinia matupu. Vigelegele vikapasua bati. Sijawahi kufurahi namna ile maishani mwangu.

Baada ya misa mwalimu alikusanya kwaya nje. Mimi nilibaki ndani, nimekaa pale pale, sitaki kuinuka. Nikamsikia dirishani.

"Sauti ya pili imepungukiwa mtu," aliwaambia. "Tafuteni mwingine."