Kigingi Cheupe Kwenye Rweya ya Izigo

Bibi yangu Kokugonza alipiga jembe chini, jembe likalia ting'!

Akadhani ni chungu cha watu wa kale. Lilikuwa bomu, jamani.

Sijatunga. Kanisimulia babu mwenyewe, Mutalemwa, na muda wote hakuniangalia usoni.

Mwaka 1947. Vita imekwisha, babu karudi Izigo na koti la jeshi na Kiingereza cha kubangaiza. Ile rweya yetu, nyika ya majani nje ya migomba, askari waliifanyia mazoezi ya mizinga. Sasa kaja Mzungu na mafundi wake kuisafisha. Mkalimani nani? Babu.

Mzungu akampa maneno ayaweke kwa Kiswahili. Ganda tupu. Bomu lililolala, yaani lililorushwa likagoma kupasuka. Kigingi chekundu: usikanyage. Kigingi cheupe: pamesafishwa juu tu, chini hapajachimbuliwa.

Siku ya baraza walikuja wanaume tu. Mzee Kagaruki akauliza, "Waitu, bwana, penye cheupe tukate majani?"

"Kateni. Pamesafishwa."

Lile "juu tu" babu akalimeza. Kwa mwanaume wa Kihaya, rweya ni majani ya kutandika ndani na kufunika migomba, basi. Nani achimbe huko?

Wanawake! Wao ndio wenye misiri, vile vishamba vyao vya njugu mawe katikati ya rweya. Na hakuna aliyewaita barazani.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi babu akapapasa nyuma ya mlango, jembe la bibi hakuna.

"Mama Josia yuko wapi?"

Jirani yao Joviana akacheka. "Si umetangaza mwenyewe? Wako misiri tangu alfajiri."

Babu akatoka mbio, peku, akilia njia nzima. "Mungu wangu, Kokugonza hapana. Nichukue mimi."

Akawapita wanawake wanne wakilima. "Acheni majembe! Tokeni!"

Wakaangua kicheko. "Leo hajapikiwa huyo!"

Bibi alikuwa nyuma ya kichuguu kikubwa. Aliposikia sauti ya mumewe akajua ni ugomvi, akazidi kulima kwa kiburi. Ndipo jembe likalia.

Akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Babu akatokeza, anahema.

"Baba Josia, njoo uone chungu!"

"Toa mikono. Polepole. Nakuomba, mke wangu."

Bibi alikuwa hajawahi kusikia "nakuomba" kinywani mwa mtu yule. Hilo ndilo lililomtisha. Akatoa mikono, akarudi akikanyaga nyayo zake mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka akamfikia. Babu akamkumbatia mbele za watu akilia, na wale wanawake wanne hawakucheka tena.

Jioni mafundi wakalilipua pamoja na jembe. Wakiwa mbali wanatazama moshi, bibi akauliza taratibu:

"Rweya yote ile. Umewapita wenzangu wanne, umekuja moja kwa moja nyuma ya kichuguu, na hukuwa umeniona. Ulijuaje liko pale?"

Babu akajibu:

"Nililirusha mimi."

Mwaka 1942, kwenye mazoezi, bomu lake liliangukia nyuma ya kile kichuguu, likanyamaza. Sheria ilikuwa bomu lako likilala, ulitafute mpaka lionekane. Mvua ilikuwa inanyesha, naye kachoka. Akaripoti kwamba limepasuka. Na Mzungu alipomuuliza kama anajua lolote lililobaki, akaona aibu, akasema hapana.

Bibi hakupiga kelele. Kesho yake akamburuta nyumba hadi nyumba, awaambie wanawake mmoja mmoja kwa kinywa chake: juu tu, chini bado, na moja lilikuwa langu. Baada ya hapo hakumsemesha mpaka msimu wa kuvuna njugu ukafika.

Ndugu zangu, hatari mwambieni mwenye jembe, msiwaambie wenye viti tu. Na kama mliifukia nyie wenyewe, aibu ya kusema inapita. Babu alikufa ana miaka themanini na mbili, na mpaka mwisho, jembe likigonga jiwe popote, alikuwa anaruka.